Mama na Riba ya Asilimia Ishirini na Mbili

Mtaa wa Sogea,
S.L.P. 73,
Tunduma, Songwe.

Jumapili, 21 Septemba 2025

Mpendwa kaka Lwitiko,

Shikamoo kaka. Habari za Tanga na joto lake? Mguu ulioteguka kazini umepona, au bado unachechemea ukipanda ngazi? Wifi na watoto hawajambo? Sisi huku tu wazima. Mimi kikohozi kiliniganda wiki mbili kwa vumbi la malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia, lakini sasa nafundisha bila kukwama. Mama yuko vizuri sana, na ndiye hasa aliyenifanya nikae niandike barua badala ya kukutumia ujumbe wa simu. Jambo lenyewe ni refu na nataka ulisome ukiwa umetulia.

Kahawa kwanza. Tumemaliza kuvuna. Haikuwa nyingi, ila imekauka vizuri.

Sasa nije kwenye mkopo. Najua hulipendi neno hilo. Mama alipochukua ile milioni hamsini ya mashine ya kukoboa na kusaga, miaka miwili iliyopita, na shamba la baba la kijijini Ruanda likawekwa dhamana, wewe ulisaini kwa shingo upande. Sikulaumu. Hata mimi niliogopa. Riba ilikuwa asilimia ishirini na mbili, marejesho milioni moja laki tatu na themanini kila mwezi, kwa miaka mitano.

Kuna jambo hatukukwambia. Mwezi wa tatu mwaka huu injini ya mashine ilikufa, ikakaa wiki saba bila kusaga hata debe. Mama aliuza wale ng'ombe wawili ili asikose rejesho. Hakukosa hata moja, kaka. Lakini mashine ilipoanza tena, kila mwezi alikuwa anapungukiwa kama laki moja, na alikuwa anauza maharage ya ghalani kuziba hilo pengo. Mwezi wa saba nilipokwenda, nilikuta ghala limebaki magunia mawili. Baada ya hapo hakukuwa na kitu kingine cha kuuza ila shamba lenyewe.

Mimi nilitaka tukuandikie uombe ruhusa kazini, uje tukae kikao. Mama alikataa. Alikuwa amesikia redioni kwamba Benki Kuu imeshusha riba yake, na mtaalamu mmoja akaeleza kwamba mabenki nayo yanategemewa kupunguza za kwao. Halafu Priska, yule jirani mwenye duka la pembejeo, akamwambia amekopa mwezi huohuo, benki ileile ya Mama, kwa asilimia kumi na saba. Mama akaniuliza, "Mimi na Priska nani kakaa nao muda mrefu?"

Alikwenda benki yake kule Vwawa peke yake. Kijana wa dawati la mikopo akamwambia kwa upole kwamba mkataba wake ni wa riba isiyobadilika, amalizie tu. Mama akarudi nyumbani, akavaa miwani, akausoma ule mkataba wote kurasa kumi na nne. Siku tatu alikuwa nao. Neno asilolijua aliliwekea alama ya penseli, jioni ananipigia simu namfafanulia. Mama wa darasa la saba, kaka! Ukurasa wa kumi na moja akakuta kwamba mkopaji asiyechelewa anaweza kuomba kwa maandishi riba ipitiwe upya akishalipa miezi ishirini na nne. Alikuwa amemaliza wa ishirini na nne juzi yake.

Hakuishia hapo. Alikwenda benki ya pili, akawauliza wangeununua mkopo wake kwa riba gani. Wakampa barua: asilimia kumi na sita. Mimi nilishangilia. Yeye akaniambia, "Ngoja kwanza, kuhama nako kuna gharama." Tulikaa mezani tukajumlisha ada ya kuvunja mkataba wa zamani, tathmini ya shamba, na gharama za kuhamisha hati. Zilikula zaidi ya nusu ya faida yote. Akaikunja barua akaiweka kwenye mkoba. "Hii si ya kuhama," akasema, "hii ni ya kuongea nayo."

Jumamosi iliyofuata tulikwenda pamoja kwa meneja. Ni mwanamke wa makamo, Bi. Imelda, mtu mwenye adabu. Mama akaweka mezani stakabadhi zake ishirini na nne, ombi lake, na ile barua. Bi. Imelda akavisoma vyote, akavua miwani.

"Mama Lwitiko, kwa kweli wateja kama wewe ni wachache. Ombi lako nalipeleka ofisi ya kanda. Ila na mimi nina ombi. Ile akiba ya kikundi chenu inaiva, muda wake unaisha mwezi huu. Akina mama wakikubali iendelee hapa kwa asilimia saba na nusu, mimi nitakuwa na cha kukutetea huko juu."

Nikueleze: Mama ndiye mweka hazina wa kikundi cha akina mama wa kahawa. Wana milioni kumi na nane kwenye akaunti ya muda maalumu, na walikuwa wanapata asilimia tisa. Riba ya akiba nayo imeanza kushuka, ingawa benki ya pili ilikuwa bado inatoa tisa. Akina mama wale wanamwamini Mama kupita kiasi. Angewaambia "tubaki," wangebaki, na hakuna ambaye angejua sababu.

Kaka, nilimkanyaga mguu chini ya meza. Naona aibu kuliandika hili, lakini nilitaka akubali. Niliwaza shamba.

Mama akasema, "Mwanangu, nimekusikia. Lakini mkopo ni wangu, akiba ni ya wanawake ishirini na sita. Siwezi kupunguza mzigo wangu kwa kuwaongezea wao. Nihukumu kwa hizi stakabadhi. Kama hazitoshi, basi nitaendelea kulipa kama zamani."

Akakusanya karatasi zake, akaaga vizuri, tukatoka. Njiani hakunigombeza kwa kumkanyaga. Alisema tu, "Agnes, hao wanawake wengine wameweka humo pesa ya kujifungulia."

Wiki iliyofuata kikundi kilikaa. Mama aliwasomea viwango vya benki zote mbili, na akawaambia wazi mbele ya mwenyekiti wao, Ketrina, kwamba yeye ana ombi la mkopo kwenye benki ya zamani, kwa hiyo hatapiga kura. Wakaamua kuhamisha akiba. Mama mwenyewe ndiye aliyepeleka barua ya kuhamisha fedha, kwa meneja yuleyule. Mimi nilijua tumeshaharibu.

Wiki tatu kimya. Mama akauza gunia moja kati ya yale mawili.

Tarehe kumi na tisa mwezi wa nane Bi. Imelda akapiga simu. Nilikuwepo, ilikuwa kwenye spika. "Mama Lwitiko, kanda wamekubali. Asilimia kumi na sita kwa miezi thelathini na sita iliyobaki. Na yale niliyokuambia kuhusu akiba ya kikundi, sikupaswa kuyasema. Nisamehe." Mama akasema, "Yameisha, mwanangu. Asante kwa kunitetea." Halafu akakaa chini palepale kwenye sakafu ya mashine, na unga wote ule, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Rejesho sasa ni milioni moja laki mbili na sabini. Laki moja na elfu kumi kila mwezi ndiyo ile aliyokuwa anaitafuta ghalani. Mpaka mwisho wa mkopo ni karibu milioni nne. Gunia la mwisho la maharage tumelila wenyewe.

Habari zimeenea. Wiki iliyopita mama mmoja anaitwa Tabita alitoka Mbangala na mkataba wake kwenye mfuko wa plastiki, akaomba asomewe. Mama alimsomea mchana kutwa, mashine ikinguruma nyuma yao.

Nakuomba umpigie simu, kaka. Usimwambie nimekuandikia kuhusu ng'ombe.

Wasalimie wifi, Blessing na mdogo wake. Shangazi Gwantwa anawasalimu, na Sadock anasema hajasahau kwamba mna mchezo wa bao haujaisha. Mungu awalinde mlalapo na muamkapo, na akufikishe kwetu salama siku utakayopata nafasi.

Nami leo baada ya ibada nimeutoa kabatini mkataba wangu wa mkopo wa mshahara. Mwaka wa nne huu nakatwa, na sijawahi kuusoma. Nimefika ukurasa wa sita. Kesho baada ya vipindi nakwenda benki kuuliza. Nilimwomba Mama anisindikize, amekataa. Amesema mdomo ninao.

Mdogo wako akupendaye kila siku,

Agnes