Mbuzi Hakuanzisha Vita

Mjukuu wangu, Neema kamwagia uji barua hii sasa hivi, halafu kacheka. Ukoo umenifanya bibi yako nikiwa bado nanyonyesha! Hatujambo, ila nimechoka.

Umeuliza Wajerumani na Waingereza walipigania nini huku mpakani. Mimi niliishia la saba. Najua ya baba na kaka yake tu, kule kijijini kwetu Ruanda. Kila msimu kila mmoja alipanda mstari wa kahawa upande wa mwenzake. Huyu akanunua mkuki, yule mbwa. Siku mbuzi alipovuka mpaka wa mashamba, mapanga yakatoka. Yaliyofuata nayaacha.

Watu wakasema, "Mbuzi kaleta balaa!"

Mama akajibu, "Mbuzi gani? Hesabuni mistari ya kahawa."

Sasa baba Neema ananiita nikamshikie kamba ya kunyooshea mistari ya kahawa. Anasema kaka yake kaingia shambani kwetu, naye ataingia kwake. Naenda kumwambia kwamba kamba hiyo siishiki mpaka ahesabu mistari ya kahawa.