Waya wa Kumzuia Jimi

Jumatatu, 5 Agosti 1974
Nimekamua, nimeosha ndoo, nimekaa. Naahidi kuandika yote hapa, hata yatakayoniaibisha. Chifu ametangaza kwamba kuna kichaa cha mbwa huku Dundori. Kuanzia Jumatano ya wiki ijayo, mbwa atakayekutwa nje ya boma la mwenyewe atapigwa risasi. Jimi wetu hajui kutulia. Kamba anatafuna. Mnyororo ulimchuna shingo.

Baba amerudi kutoka Nakuru na kisanduku kikuukuu cha kutia umeme kwenye ua wa waya, betri ya gari na waya wenyewe. Bei ya chini. Mwenye duka alimwambia, "Chukua, mzee. Hii ilifunga ng'ombe ya mzungu miaka kumi. Mbwa ni nini?" Mama hakucheka.

Jumanne, 6 Agosti
Tumezungusha waya boma zima. Niliugusa kwa jani bichi, mkono ukaruka wenyewe. Jimi alipita chini yake bila kujua kitu. Baba ameushusha hadi usawa wa pua yake.

Kazi ya kuupima nimepewa mimi. Mwalimu wetu wa sayansi husema: jaribu, andika, rudia. Nitafanya vizuri.

Jumatano, 7 Agosti
Jaribio la kwanza. Nilisimama nje ya waya na mfupa, nikamwita. Alikuja mbio, mkia juu. Pua ikagusa. Sijawahi kumsikia akilia vile.

La pili, baada ya chai. Nilimwita tena. Alisita, akaniangalia, akaja. Akalia tena.

La tatu, hakuja. Niliandika: UNAFAA. Baba alinisifu mbele ya Mama. Nilifurahi. Nasema kweli, nilifurahi.

Ijumaa, 9 Agosti
Kondoo wa jirani yetu, Mama Njeri, walipita barabarani. Jimi alitoka mbio, akalia akiwa ameshavuka. Waya haukumzuia kutoka. Saa kumi alirudi, akasimama upande wa nje. Nilimwita aingie. Alijibanza chini, akatetemeka.

Jumamosi, 10 Agosti
Baba alizima umeme. Jimi hakuingia. Tumeng'oa waya wote na vigingi. Bado anaishia pale pale ulipokuwa. Tukimfuata anakimbia. Baba akimwita, mkia unatikisika kidogo. Nikimwita mimi, anakimbilia kwenye viazi.

Mama Njeri alipita. "Wewe Wambui, kwani siku hizi mbwa mnamfungia nje?" Nilicheka naye. Kisha niliingia jikoni nikalia.

Jumapili, 11 Agosti
Mvua. Amelala nje, amelowa. Niliweka uji chini, nikaenda zangu. Alikula nilipompa mgongo. Sauti yangu ndiyo anayoiogopa. Waya umeondoka, sauti imebaki.

Jumatatu, 12 Agosti
Ukungu. Leo sahani niliiweka hatua moja ndani. Sikusema neno. Alinyoosha shingo, akala, miguu ikiwa nje. Imebaki kesho tu.

Nimemwandikia chifu barua. Mama Njeri ataipeleka asubuhi akienda sokoni, na nimemsihi asirudi bila jibu. Nimeandika kwa adabu, kama tulivyofundishwa. Swali ni moja: mbwa aliye na kwao, ila anaogopa kuingia, naye anahesabiwa kuwa yuko nje?