Shingo ya Mama

Jumatatu, 4 Aprili 1977. Kakuma
Maji ya kuchimba mchangani mwa laga, kuni, mbuzi. Kisha kidonge cha Mama cha kifua kikuu. Amekimeza amekunja uso. "Ejok, vyema, daktari," amenitania. Nimempaka mafuta na udongo mwekundu shingoni, chini ya shanga, kama kila asubuhi. Anasema panamwasha. Nadhani ni joto.

Jumatano, 6 Aprili
Homa. Macho yake mekundu. Jirani anasema ni ugonjwa unatoka. Nimeongeza mafuta. Nimechoka.

Ijumaa, 8 Aprili
Midomo imepasuka. Hawezi kumeza. Nimesaga kidonge nikakitia katika maziwa, maana tuliambiwa tusiruke hata siku moja.
Jioni nilimfuta shingo. Udongo ulitoka pamoja na ngozi. Upele ulikuwa chini ya wekundu wetu, hatukuuona.
Sista wa zahanati anasema ni dawa. Watu wachache sana, mwili huikataa hivi. Vidonge basi. Kesho Landrova itatupeleka Lodwar.

Jumapili, 10 Aprili. Lodwar
Pasaka. Sikuimba.
Mama hafumbui macho. Muuguzi, mtu wa Nyeri, anataka kukata shanga zote. Zinachuna ngozi, na vidonda vikioza atakufa. Nimetafsiri. Mama amekataa. Kwetu anayevuliwa shanga ni mjane. "Mume wangu yuko hai," amesema. Baba yuko na ng'ombe, mbali, upande wa Lokitaung. Mkasi umebaki mezani.

Jumatatu, 11 Aprili
Anachemka. Naogopa.
Nimemwomba nizivae mimi mpaka apone, zisilale chini. Shuleni walinivua zangu, shingo yangu ina nafasi. Alizipapasa shanga, kisha akasema: "Zote. Usichague nzuri tu."
Muuguzi alikata uzi mmoja mmoja, nami nikaufunga shingoni mwangu. Ni nzito. Sikujua alikuwa akibeba uzito huu kila siku.

Jumapili, 24 Aprili
Ngozi mpya, laini kama ya mtoto. Jicho moja bado lina ukungu. Kifua kinatibiwa kwa sindano sasa.
Baba amefika, miguu imejaa vumbi. Mama alivuta shuka kufunika shingo. Baba akamtazama, akanitazama mimi na shanga za Mama, akaketi.
"Kumbe nilikufa," akasema, "na hakuna aliyeniambia."
Mama alicheka mpaka mdomo ukatoa damu kidogo. Nimeufuta. Baba ameomba uji.
Nimenunua uzi mpya. Nimeanza kumtungia Mama shanga zake.