Stesheni Masta wa Zuhura

Jumatatu, 24 Mei 2004

Saa tisa alasiri. Kompyuta namba tatu ya kafe ya intaneti, ile ya pembeni iliyofutika herufi A kwenye kibodi. Mchezoni nimeruhusu vyombo vinne vya anga kwenda sayari ya Zuhura na mizigo. Sita nimevizuia. Zuhura anatusogelea kila siku. Anayeondoka leo atasafiri mbali, anayesubiri atasafiri karibu. Wenzangu kundini hawakuelewa mwanzoni, walidhani naogopa. Sasa hawaondoki bila amri yangu.

Kilichonivuta kwenye mchezo huu ni kitu kimoja. Waliouweka kwenye intaneti wamezipanga sayari pale zilipo kweli angani siku hiyo hiyo. Wachezaji wengi hawajali, wanabonyeza tu. Mimi nilikuwa stesheni masta miaka thelathini na mmoja kwenye tawi la reli la Singida. Ratiba naijua. Na sayari ndizo treni pekee nilizowahi kuzisimamia ambazo hazijachelewa hata mara moja.

Mwajuma amepita nyuma yangu mara mbili. Ni binti yangu, na kafe ni yake. Vijana walikuwa wamepanga foleni kuchapa barua za kuomba kazi. Nimeinuka. Ndiye bosi wangu sasa.

Jumatano, 26 Mei

Jioni nimempima Zuhura kwa vidole, alivyo juu ya mawe ya upeoni, upande wa magharibi. Mkono umenyooka, jicho moja nimefumba. Vidole sita. Juzi vilikuwa saba. Anashuka vizuri.

Vijana wa mtaani wananiita Mzee wa Sayari. Waniite.

Ijumaa, 28 Mei

Wanasema mimi si mtu.

Barua imetoka kwa kapteni wa kundi letu, mwanamke wa nchi za baridi. Sijawahi kumwona, hajawahi kuniona. Kundi pinzani limelalamika kwa wasimamizi wa mchezo. Eti jina langu la mchezoni, Stesheni Masta, linaendeshwa na programu. Eti majibu yangu ni mafupi mno na hayana salamu. Eti naandika muda hadi sekunde. Eti mahesabu ni sahihi kupita kiasi, na haiwezekani mtu aliyeko Singida ajue Zuhura yuko wapi bila mashine kumwambia. Wasimamizi watakata shauri tarehe 10 Juni. Wakiona ni kweli, jina langu linafutwa, na kituo changu, na vyombo vyote.

Kiingereza changu ni cha simu ya reli. Treni imeondoka. Njia iko wazi. Nani aliwahi kumuuliza mwenzake habari za watoto kwenye simu ya reli? Tungegonganisha treni.

Nimekasirika mpaka nimebonyeza vibaya nikatuma chombo kitupu Mirihi. Kitafika mwakani.

Jumamosi, 29 Mei

Mwajuma ameniamkia, ameweka chai, kisha akasema, "Baba, si mchezo tu? Fungua jina jingine uanze upya."

Nimemjibu vibaya. Najuta, lakini jibu silifuti.

Siku nilipopunguzwa kazi waliniita ofisini. Karatasi mezani, kalamu juu yake. Nikasaini. Kisha nikasema asante. Asante! Miaka saba naitafuna asante hiyo na haimezeki. Hakuna aliyesema nimekosea treni hata moja. Walisema tu sihitajiki. Nami nikashukuru, nikabeba saa yangu ya mfukoni, nikarudi nyumbani.

Sasa mtu mwingine ambaye hajui hata sura yangu anataka kunifuta. Safari hii sisaini. Ng'o.

Jumatatu, 31 Mei

Nimepata.

Tarehe 8 Juni Zuhura atapita mbele ya jua. Ataonekana kama nukta nyeusi ikikatiza, asubuhi mpaka mchana. Hakuna mtu aliye hai leo aliyewahi kuona hilo. Na huku Singida tutaliona lote, mwanzo hadi mwisho.

Nimechapa kurasa mbili nikazisoma mpaka zikalegea. Kila mahali duniani patamwona akiingia na kutoka kwa muda wake. Walio kaskazini watamwona akikatiza njia fupi kidogo. Sisi tulio kusini mwao, njia ndefu zaidi. Tofauti ni ya dakika chache tu, lakini dakika ni kazi yangu.

Nimemwandikia kapteni. Nitapima kutoka Singida. Linganisheni. Mwisho.

Jumanne, 1 Juni

Kapteni amejibu. Anasema programu pia inaweza kukokotoa muda wa Singida.

Kweli. Sikulifikiria hilo.

Nitapima hivyo hivyo. Wakinifuta, wafute mtu aliyekuwa kazini.

Alhamisi, 3 Juni

Nimekwenda kwa Mzee Ntandu kuazima darubini yake ya macho mawili. Ni jirani yangu, askari wa wanyamapori mstaafu. Huyu hajawahi kuniazima hata jembe. Nikamweleza. Akacheka mpaka akashika mbavu.

"Treni za chini zimekushinda, sasa unakimbiza za juu!"

Darubini ametoa, kwa sharti kwamba na yeye awepo. Anataka kazi. Nimempa ya karani. Mimi nitaangalia, nitapiga kelele, yeye atasoma saa na kuandika.

Tumejaribu leo. Darubini tumeifunga kwenye kiti, upande mmoja tumeuziba kwa kitambaa. Jua linapita kwenye upande wa pili na kutua kwenye karatasi nyeupe ndani ya boksi. Duara safi, kubwa kama mdomo wa kikombe. Ntandu akainama aweke jicho kwenye darubini. Nimempiga kofi mkononi. Askari mzima anataka kupofuka kwa umbea.

Jumapili, 6 Juni

Zuhura haonekani tena jioni. Ameingia kwenye mwanga wa jua. Upepo mkali, mabati yanapiga kelele. Nina hofu ya kiti kutikisika. Mwajuma ameleta mawe mawili makubwa ya kukandamizia miguu ya kiti. Nimefurahi.

Jumanne, 8 Juni

Alfajiri baridi, nimevaa koti la kazi. Mwajuma ameliona akageuka pembeni. Vifungo viwili havipo, lakini bado linanikaa.

Saa mbili kamili nimelinganisha saa yangu na milio ya redio. Iko pale inapotakiwa kuwa. Nimempa Ntandu. Ameipokea kwa mikono miwili.

Anga nyeupe kwa usafi. Upepo mdogo.

Baada ya saa mbili na robo ukingo wa jua ukaliwa. Pengo dogo kama panya ameonja chapati. Nimepiga kelele mwenyewe bila kukusudia. Pengo likakua, likawa nusu duara, kisha nukta ikaanza kujitenga na ukingo. Huu ndio muda wenyewe. Pumzi nimeibana. Nukta ikaachia.

"Sasa!"

Ntandu ameandika. Ilikuwa baada ya saa mbili na nusu.

Ule weusi. Sikuutegemea. Miezi yote hii Zuhura kwangu ni namba na vidole sita. Leo nimemwona ni kitu kizima, kina mwili, kinakwenda zake. Nililia kidogo. Ntandu aliniona akajifanya anasafisha miwani.

Majirani wakaanza kuja. Wateja wa kafe pia, na Mwajuma akafunga mlango akaja nao. Mama mmoja ameuliza kama ni dalili ya njaa. Nimemwambia ni treni, inapita, haina habari na sisi. Akaridhika, akakaa kuangalia.

Muda wa saa tano na nusu nimekaa juani. Chakula nimekula kwa mkono wa kushoto, kwa wa kulia naisogeza darubini kulifuata jua. Nani ataniambia nijali adabu leo.

Saa nane imepita. Nukta ikafika ukingo wa pili. Watu wakasogea. Ikagusa.

"Sasa!"

Ntandu ameandika. Watu wakapiga makofi. Sijawahi kupigiwa makofi treni ikiondoka.

Saa kumi nimetuma mida yote miwili. Bila salamu.

Jumatano, 9 Juni

Aibu.

Wamejibu. Mida yangu hailingani. Wataalamu wamechapisha hesabu za sehemu zetu hizi, na zangu zimezidi kwa dakika mbili, kuingia na kutoka. Kundi pinzani linacheka mbele ya wote. Mmoja ameandika kwamba hata programu yangu ni mbovu.

Nimefika kwa Ntandu nikiwa nimevimba. Nikamwambia hajui kusoma saa. Naye akavimba. Tumegombana uani kama watoto, wazee wawili wenye mvi, mke wake akaja na mwiko mkononi kutuamua. Ntandu akasema kila sekunde aliyoiandika aliiona kwa macho yake.

Redio ya ndani ikapiga milio ya habari. Ntandu akaniambia kwa hasira, "Haya, fundi wa saa, sasa hivi saa ngapi?"

Nikaitoa saa, nikatazama, nikasema, "Saa saba kamili."

Akachungulia begani kwangu. "Mbona hapo imeandika saba na dakika mbili? Unasoma uongo mchana kweupe!"

Nikakaa chini. Chini kabisa, kwenye vumbi.

Saa yangu iko mbele dakika mbili. Imekuwa mbele miaka thelathini na minane. Ndiyo desturi tuliyofundishana sisi wa tawi hili. Masta aiweke saa mbele, apige kengele mapema, abiria wa nyuma awahi. Kwenye rejista unaandika muda wa kweli. Mkono wangu ukishika kalamu unapunguza dakika mbili wenyewe. Jicho pia. Siioni tena ile tofauti. Lakini jana kalamu alishika Ntandu. Ameandika kilichoonyeshwa na saa, mtu mwaminifu, nami nimemtukana.

Nimemwomba radhi. Amekubali baada ya kunisema vya kutosha.

Nimefikiri kunyamaza. Ningewaambia kulikuwa na upepo, kiti kilitikisika. Ningelinda jina la stesheni masta asiyejua saa yake mwenyewe. Lakini mficha uchi hazai. Nimekwenda kafe nikaandika yote. Saa iko mbele dakika mbili. Desturi ya kazi. Kosa ni langu, si la karani. Punguzeni kote kuwili. Kisha nikaongeza mstari mmoja. Saa ikitangulia asubuhi imetangulia na mchana, kwa hiyo ondoeni muda wa kuingia kwenye muda wa kutoka, na kosa langu litajifuta lenyewe. Kitakachobaki ni urefu wa safari ya Zuhura kama ilivyoonekana Singida. Huo ni wa kweli. Nasimama juu yake.

Mwajuma ameskani karatasi ya Ntandu, yenye doa la chai na mwandiko wake wa kulala, tukaituma. Akauliza, "Baba, wakikataa?"

Nimesema wakikataa watakuwa wamekataa, lakini sitasema asante.

Alhamisi, 10 Juni

Asubuhi hakuna mtandao. Upepo umeangusha kitu mahali fulani. Saa nne hakuna. Saa sita hakuna. Nimekaa mbele ya kompyuta namba tatu inayoniangalia na mimi naiangalia. Wateja wamerudi makwao. Mwajuma amefagia sakafu mara tatu.

Saa tisa na dakika kumi mtandao umerudi.

Sijafutwa.

Kapteni ameeleza kwa urefu, na salamu. Kwake kulikuwa na mawingu siku nzima, hakumwona Zuhura. Usiku kucha alikokotoa mida yangu. Urefu wa safari ya Zuhura niliyoupima umelingana na hesabu za Singida. Haulingani na za kwao, wala za wapinzani, wala za yeyote wa kaskazini. Lakini anasema si hilo lililowashawishi wasimamizi, maana hata programu ingekokotoa. Ni zile dakika mbili. Programu isingekosea hivyo. Na mwongo asingekubali kosa kama lile mbele ya maadui zake ili tu kumtetea karani.

Nimesoma mara mbili. Nikamwita Mwajuma asome na yeye. Alisoma taratibu, kisha akaweka mkono begani kwangu, juu ya lile koti.

Nimejibu, Ujumbe umepokelewa. Njia iko wazi. Nikafikiri kidogo, nikaongeza, Habari za huko?

Ijumaa, 25 Juni

Alfajiri nimemwona Zuhura upande wa mashariki, amelihama jua, anang'aa kuliko taa ya stesheni. Ntandu ameniita kupitia uani nimwangalie, kana kwamba yeye ndiye aliyemvumbua. Darubini bado iko kwangu. Hajaiulizia.

Zuhura anaanza kutuacha. Vyombo vilivyobaki kwake lazima virudi kabla njia haijawa ndefu. Kundi zima limeniachia mimi nipange muda wa kuondoka, wachezaji kumi na wawili, nchi sijui ngapi. Daima kuna wawili watatu wanaochelewa.

Saa ya mfukoni sijairudisha nyuma. Nimeifuta vumbi tu.

Nimewatangazia wote muda wa kuondoka. Nimeuweka dakika mbili kabla ya ule wa kweli. Hakuna aliyeachwa.