Waya Niliouchagua kwa Uvivu

Alhamisi, saa kumi na moja jioni, Rulenge. Mvua imekatika lakini mabati bado yanadondosha maji. Nimevua buti, miguu iko kwenye beseni la maji ya moto, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu mabega yangu yameshuka.

Mshono umeshika.

Nianze mwanzo, maana wengi mnaosoma hapa hamjawahi kushika mashine ya kuchomelea. Upande wa Murusagamba, barabara inapovuka kijito, kuna shimo refu ambamo mkandarasi anatandika makalavati, yale mabomba makubwa ya zege ya kupitishia maji chini ya barabara. Kazi nzito inafanywa na kijiko, ile mashine ya kuchimba yenye mkono mrefu. Kijiko hunyanyua kalavati kwa mnyororo na kulishusha taratibu, huku watu wanne wakiwa shimoni wanalielekeza kwa mikono. Wiki iliyopita sikio la chuma linaloshika bakuli la kijiko lilipasuka, wakaniita mimi, mstaafu niliyefundisha uchomeleaji miaka mingi.

Nilikwenda na mtungi wa gesi na waya mtupu, yaani usio na kitu ndani. Chuma kikiyeyuka hakitaki hewa. Hewa ikiingia, mshono unajaa vitundu kama andazi. Kwa hiyo waya mtupu huenda pamoja na gesi, nayo huufunika moto kama shuka. Ndani ya karakana sijaona waya mzuri kuliko huo. Lakini kilimani, shuka linapeperushwa. Upo waya mwingine wenye unga ndani yake. Unga huo ukiungua hutoa moshi wake wenyewe na kuacha ganda juu ya mshono, wala hauhitaji mtungi. Huo ndio waya wa nje. Jambo hili nimeliandika ubaoni mara nyingi kuliko jina langu.

Na waya wa unga nilikuwa nao. Ulikuwa rafu ya juu. Mashine ilikuwa imeshafungwa ule mwingine, nikaona uvivu kubadilisha.

Siku ile upepo wa mvua ulikuwa unapanda kutoka bondeni. Nikasikia moto unatapika, mlio kama mafuta ya kukaangia yaliyoingia maji. Nikaendelea. Juu, mshono ulitoka mzuri wa kupigwa picha.

Kisha Ezekieli, mwendeshaji wa kijiko, akaumwagia dumu zima la maji ili upoe upesi. Hakufanya hivyo kwa ujinga. Babu yake alikuwa mhunzi kule Kanazi, na Ezekieli amekua akiona jembe likitoka motoni na kuzamishwa majini ili liwe gumu. Kwa makali ya jembe ni sawa. Kwa chuma kinachobeba mzigo, ugumu wa ghafla huzaa ufa. Nilimkemea palepale, mbele ya watu.

Jumatatu sikio likapasuka tena. Mungu alisaidia, bakuli lilikuwa tupu na watu walikuwa wamepanda juu kula. Msimamizi wa kazi, Bwana Majura, aliponiuliza kwa simu, jibu lilinitoka haraka kuliko akili: "Mwendeshaji wako aliumwagia maji."

Nilikuwa sijauangalia mshono wenyewe.

Jumanne nilipofika, Ezekieli alikuwa ameketi kwenye jiwe mbali na kijiko, amevaa shati la nyumbani. Alisimama akaniamkia, "Shikamoo, Mwalimu," kama siku zote. Nikaitikia marahaba. Ndipo mmoja wa watu wa shimoni akaninong'oneza kwamba Ezekieli ameambiwa akabidhi funguo na aende zake.

Nikawasha grenda, mashine ya kusagia chuma, nikaufungua mshono. Ndani ulikuwa na vitundu kila nilipogusa. Maji hayatoboi vitundu. Maji huleta ufa, na huenda yaliuharakisha, lakini vitundu vile vililetwa na upepo, na upepo ule niliusikia masikioni mwangu nikaendelea kuchomelea.

Grenda ilikuwa bado mkononi mwangu. Ningeweza kusaga hadi ushahidi wote uwe vumbi. Pale hakuna mwingine ambaye angejua kuvisoma vile vitundu. Ninaliandika hili kwa sababu wazo hilo lilikuja, na halikuondoka upesi.

Nikamwita Bwana Majura, nikamwonyesha kwa ncha ya msumari.

"Hapa ni mimi. Maji yalikuja baadaye."

"Lakini Mwalimu, wewe mwenyewe ulisema..."

"Nilisema kabla ya kuangalia."

Akainama, akatazama, akakuna kidevu. Kisha akapaza sauti: "Ezekieli, kavae ovaroli."

Ezekieli alikuja polepole, akachungulia vitundu. "Kwa hiyo babu yangu hana kesi?"

"Anayo, ila ndogo," nikamjibu. "Kesi kubwa ni yangu. Nisamehe, mwanangu."

Watu walicheka, naye akacheka, lakini alichelewa kidogo kucheka. Niliona.

Jana tukarudia. Nilisaga hadi kwenye chuma kizima kisicho na kitundu wala kutu. Nikafunga waya wa unga na kugeuza nyaya za mashine, chanya kwa hasi, kama waya huo unavyotaka. Waya huu hauogopi upepo sana, ila unaogopa unyevu kama mbegu ya maharage, kwa hiyo nilikuwa nimeubeba kwenye debe lenye mfuniko. Turubai lilizuia mvua. Tulilipasha sikio moto hadi tone la maji likilirukia linatoroka, kisha nikajaza tabaka moja moja, nikigonga ganda na kupiga brashi kila mara. Nilipomaliza, Mama Verediana wa nyumba ya jirani akatuletea majivu ya moto kwenye sufuria kuukuu. Tukalifukia sikio ndani ya majivu na kulifunika kwa bati. Ezekieli alilinda mwenyewe hadi likapoa. Aliyepita na dumu alifukuzwa kama kuku aliyeona mtama.

Leo asubuhi nilikataa mtu yeyote kushuka shimoni. Kijiko kilinyanyua kalavati na kulishikilia hewani, chini pakiwa patupu, huku mvua ikitupiga. Nililipapasa sikio baada ya kalavati kuwekwa chini. Tukarudia mara tatu. Hapakuwa na ufa hata wa unywele. Ndipo wale wanne wakashuka, na kalavati likapita juu ya vichwa vyao. Sikupumua vizuri hadi lilipokaa mahali pake. Makalavati matatu yamelala leo.

Nafuu ninayoisikia si ya chuma peke yake. Kama Ezekieli angeondoka kwa neno langu, mshono huu ungeshika vilevile, nami ningesifiwa.

Makalavati yamebaki mawili. Nilipokuwa nafungasha nilimwambia Ezekieli kwamba kesho nitakuja kulikagua tena sikio.

"Njoo, Mwalimu," alisema. "Ila mashine iache nyumbani. Njoo na chupa ya chai."

Nitaipeleka, na nitaketi naye kwenye lile jiwe.