Nimekula Unga wa Wazee Mlangoni pa Muziki

Mdogo wangu Esha,

Shikamoo yako nimeshaipokea kabla hujaitoa, marahaba. Sisi huku Ruangwa tunapumua, Mungu ashukuriwe, ila ni kupumua tu. Wewe je? Nilisikia kwa yule mama wa samaki wakavu anayekuja na magari ya Nachingwea kwamba mvua zikianza goti linakuvimba, hata sala unasali umekaa. Lipake mafuta ya nyonyo ya vuguvugu, ulifunge na kitambaa, na usiende shamba ukajifanya msichana. Mihogo je, nguruwe wamekubakizia? Na ule mkorosho wa nyuma ya choo, mwaka huu umeusafishia chini au umeuacha kama mwaka jana?

Najua utasema dada amekuwaje, siku hizi barua nani anaandika. Lakini wewe simu husikii. Mtu akikupigia kukwambia nyumba inaungua unajibu wazima, salama, karibuni. Na jambo lenyewe si la kupigiwa kelele kwenye simu majirani wakasikia. Anayeandika ni mjukuu wetu Zuhura mwenyewe, ananiambia Bibi sema polepole. Akusomee mkamwana wako, ndani, mlango umefungwa. Usimpelekee mwalimu wa madrasa. Ukifika katikati utajua kwa nini.

Watu wanasema Ruponda na Ruangwa si mbali. Kwao wenye magari. Mimi toka nilipomfuata huyu mtoto huku, baada ya kumzika mama yake, kijiji sijakiona tena, na kwa kiuno hiki nakiona mbali kama Maka.

Esha, naogopa. Nakuambia mapema usije ukadhani ni barua ya salamu. Nimefanya jambo, na sijui kama wazee wetu watanidai mimi au watamdai huyu mtoto. Unajua vizuri tumbo la mama yetu limebaki na nani. Mimi nilizaa mmoja, nikamzika. Wewe Mungu alikupa wa kiume watupu, na watoto wao ni wa ukoo wa mama zao. Amebaki Zuhura tu. Akipata dhara yeye, basi jina la mama limefika mwisho.

Ilikuwa sikukuu, Idi Pili. Zuhura anafanya kazi saluni, anasuka vizuri kweli, ungemwona mikono yake, kama ya marehemu mama yake alivyokuwa anasuka ukili. Sasa pale saluni wiki nzima ya mwisho wa mfungo hakukuwa na neno lingine. Kuna muziki unakuja, kwenye ghala la korosho. Unajua maghala msimu ukiisha yanabaki matupu, popo tu. Basi mtu amelikodi, ameweka maspika marefu kuliko mlango wa nyumba yangu, na dijei anatoka Dar. Nikasema, ah, disko. Zuhura akacheka, akasema si disko, Bibi, ni singeli, kuanzia alasiri mpaka mtu achoke mwenyewe. Ule muziki, Esha, hata mwizi akikimbizwa hakimbii vile. Moyo unaweza kukutoka.

Nikamwambia haya, nenda, umefunga mwezi mzima, umenipikia futari kila siku. Ningemkatalia angekwenda kwa kujificha, na anayejificha akianguka hakuna wa kumwinua.

Akaja rafiki yake Shani, yule wa saluni, kumfundisha vya kubeba. Mimi nachambua kunde pale barazani, nasikiliza. Kumbe kwenda kwenye muziki siku hizi ni kama kwenda safari. Avae viatu vya chini vya kufunga, maana sakafu ya ghala ina vumbi na watu wanakanyagana. Pamba ya kuziba masikio. Nikauliza, mnakwenda kusikiliza muziki halafu mnaziba masikio? Wakacheka mpaka Shani akakaa chini. Abebe kitambulisho, walio chini ya umri wanarudishwa. Kanga moja ya kufunga kiunoni akichoka. Maji asibebe, yanauzwa ndani, chupa ya nje haiingii. Manukato ya chupa hayaingii, mkasi hauingii, kiberiti hakiingii, chakula cha nyumbani hakiingii hata karanga. Pale mlangoni, Shani akasema, kuna mabaunsa, na kuna mwanamke wa kukagua wanawake, anapapasa mpaka kwenye mishono ya nguo.

Hilo la mishono, Esha, nilikuwa nimeinuka kwenda kuepua chungu. Sikulisikia. Zuhura ndiye aliyekuja kunieleza baadaye. Ningelisikia, leo nisingekuandikia.

Usiku wa kuamkia siku ile sikulala vizuri. Niliwaza ghala lile, mlango mmoja, watu wote wale, spika, waya za umeme zinapita kwenye maji ya mvua. Nikamwaza mama yake, alivyoondoka asubuhi mzima na jioni tukaletewa maiti. Basi alfajiri nikafanya kama tulivyofanyiwa sisi tukisafiri. Nikachukua unga wa mtama, ule mweupe uliotwanga wewe ukaniletea. Nikatoka uani, nikawaita wazee, mama kwanza, na bibi yake mama, na mjomba aliyekufa Nanganga, wote. Nikawaambia mtoto wenu anakwenda kwenye watu wengi, mfuateni. Nikaufunga kidogo katika kipande cha nailoni, mvua isiuloweshe, nikaushonea kwenye pindo la sketi yake mpya, kiunoni. Na sikumwambia. Nilijua angenicheka, au angeutoa akauacha kitandani. Vijana wetu wanaswali vizuri kuliko sisi, lakini haya mengine wanayaonea haya.

Basi wakaondoka baada ya sala ya alasiri, wamependeza. Mimi nikakaa na tasbihi yangu. Hata kahawa haijachemka, dereva wa bodaboda anasimama uani. Anasema wewe ndiye bibi wa Zuhura? Panda, amekamatwa mlangoni. Shani amenituma. Wanasema amekutwa na dawa za kulevya.

Esha, mimi bodaboda sijawahi kupanda na nilikuwa nimeapa sitapanda. Siku ile sijui hata nilipandaje. Nilimshika yule kijana kiunoni, njia nzima matope, nasoma kila aya ninayoijua, na ninazijua chache, nikimaliza narudia.

Nikafika. Watu wamejaa nje kama siku ya mnada wa korosho. Muziki unapiga ndani mpaka bati la ghala linatetemeka, na kifua changu kinatetemeka nalo. Pale mlangoni wamefunga kamba mbili watu wapite mmojammoja, na pembeni kuna meza yenye vitu walivyonyang'anya: manukato, viberiti, pakiti ya karanga, mkasi wa mtu. Na katikati ya vitu hivyo, kinailoni changu. Zuhura amekaa kwenye kiti cha plastiki, sketi imefumuliwa kiunoni, kanga ameishikilia kwa mikono miwili, na uso wake, Esha, ulikuwa uso wa mama yake kwenye jeneza.

Kumbe yule mwanamke alipopapasa akakuta uvimbe. Akauliza hiki nini. Mtoto wa watu akajibu sijui, kwa sababu kweli hajui. Wakafumua, wakaona kitu cheupe kimefungwa kwenye nailoni. Wakauliza tena, nani amekupa? Sijui. Sasa mtu ameshonewa kitu kiunoni halafu hajui? Ndipo wakamweka kando, wakamwita mkubwa wao.

Huyo mkubwa, baunsa, ni jitu shingo halina. Lakini aliniamkia, siwezi kumsingizia. Akaniuliza:

"Bibi, hiki ni nini, na ni cha nani?"

Hapo ndipo nilipoganda. Maana nikisema ni unga wa wazee, pale mbele ya umati, Idi Pili, watasema hawa ni wachawi, wanaingiza dawa kwenye muziki wa watu. Na unajua uchawi ukishatajwa kwenye umati hauombi ushahidi. Nikinyamaza, mtoto anakwenda polisi. Nikasema ni changu, ni unga wa mtama tu.

Wakacheka. Kijana mmoja kwenye foleni akasema bibi ameleta unga wa ugali wa dijei, mwingine akamuuliza na mboga iko wapi. Baunsa hakucheka. Akasema nani anashona unga wa mtama kwenye sketi? Akasema wao hawana kipimo, watawaita polisi, polisi watapeleka mjini kupimwa, na mpaka majibu yarudi binti atakaa ndani. Akaanza kutoa simu mfukoni.

Esha, sikuwaza. Ningewaza nisingefanya. Niliuchukua mezani, nikafungua, nikatia kidole, nikalamba. Mbele yao. Unga ulioitiwa majina.

Zuhura akasimama. "Bibi, usile huo." Kwa hiyo alikuwa ameutambua, na alikuwa anajua mwiko. Hata asipopenda mambo hayo, alisikia kwako na kwangu toka mdogo kwamba unga ukishaitiwa majina si wa walio hai.

Lakini wale walimsikia vingine. Baunsa akasema ahaa, mbona anakuzuia? Kama ni unga, kula wote.

Nikala. Wote. Ulinikauka kooni kama majivu, sikupewa hata maji, nikawa nameza na mate na machozi. Nikawa nasema moyoni mama nisamehe, mama nisamehe. Hata yule wa mboga akageuza uso. Nilipomaliza nikamgeuzia nailoni ndani nje. Wakanikalisha kwenye kile kiti cha Zuhura, wakanitazama, wanasubiri nianguke au niruke. Nikakaa. Muziki unapiga. Nikapiga chafya.

Yule mwanamke wa kukagua ndiye aliyesema mwacheni bibi wa watu. Akaja karibu, akainama, akaniuliza polepole, kwa Kimwera, kama ni unga wa kuwekea wazee. Nikaitikia kwa kichwa. Akafumba macho kidogo. Akasema angejua asingeuweka mezani. Halafu akachukua kile kibangili cha karatasi wanachofunga waliolipa, akamwambia Zuhura ingia sasa, ni haki yako. Zuhura akasema nampeleka bibi nyumbani. Tukarudi kwa miguu, sketi ameishika mpaka tunafika.

Toka siku ile, mdogo wangu, kinywa changu hakina ladha. Chumvi haina ladha, samaki hana ladha, chai naona maji ya moto. Na Zuhura sikio la kushoto linamlia mchana kutwa, kama nzi kaingia. Yeye anasema pale mlangoni alikaa spika iko nyuma ya ukuta tu, na pamba alikuwa hajaweka. Anasema na mimi ni uzee na hofu, twende zahanati. Tutakwenda. Lakini spika haikunitoa mimi ladha mdomoni.

Nikimwogopa Mungu naogopa kwamba nilishona ule unga. Nikiwaogopa wazee naogopa kwamba niliula. Sina upande wa kukimbilia.

Ndiyo maana nakuomba. Wewe ndiye uliyebaki na makaburi. Twanga mtama mpya, kwa mkono wako, usipeleke mashineni. Nenda Alhamisi asubuhi, uuweke kichwani mwa kaburi la mama, utaje majina yote, usimruke mtu, hata yule wa Mbwemkuru tuliyegombana naye. Halafu useme hivi: aliyekula ni dada yangu Somoe. Mtoto hakujua ameshonewa, na alipojua alinikataza. Kama kuna cha kuchukua, wamchukue Somoe, amekwishazeeka, jina lake wanalijua. Mtoto wamwachie masikio yake.

Zuhura ameacha kuandika. Anasema hilo la wanichukue haliandiki, labda nitafute mwandishi mwingine. Nimemwambia barua ni yangu. Anasema kalamu ni yake. Tumekaa hapa mpaka chai imepoa. Sasa anaandika, lakini hanitazami.

Nisalimie mkamwana wako anayekusomea, mwambie nimeridhika naye, na haya yaishie kifuani mwake. Nisalimie wanao, na kaka Bakari, mtoto wa baba mkubwa, mwambie lile jembe langu asidhani nimelisahau. Nisalimie kungwi wetu kama bado anaona. Zuhura anakusalimu, shikamoo Bibi Esha, hiyo ameiandika mwenyewe bila kuambiwa.

La mwisho. Ukishaweka ule unga, urundike vizuri kama kichuguu, uuache ulale. Kesho yake urudi, kabla kuku hawajapita. Ukiukuta umesimama vilevile, wazee wamekubali, mpe habari mama wa samaki, aniambie tu kwamba ufuta umeota vizuri, nitaelewa. Ukiukuta umebomoka, usimtume mtu. Njoo mwenyewe. Nikikuona unaingia uani sitakuuliza kitu, nitakutandikia mkeka.

Dada yako,
Somoe

Hilo doa ni dole langu. Zuhura amelipaka wino, na amelishika mpaka likakauka.