Walimkalisha Mzee Stavro Mlangoni mwa Jiko

Flemingdon Park,
Toronto

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini unapoisoma hii goti limepoa na unatembea mwenyewe mpaka kanisani. Na Mama je, kifua chake? Huku tu wazima. Watoto wanasoma, ila Kiswahili wanakisikia tu. Nikiwasemesha wananijibu Kiingereza, nami nimechoka kuwagombeza. Lakini leo siandiki kwa ajili ya hayo. Nina hasira, Baba, na hapa sina wa kumwambia. Wewe ulivaa gwanda la jeshi, utanielewa.

Nilikueleza kwa simu habari za Mzee Stavro, ninayemhudumia kwenye nyumba ya wazee. Ni Mgiriki aliyezaliwa Marekani. Akiwa kijana alipelekwa Vietnam na jeshi la Wamarekani, kazi yake kuwafunga majeruhi vidonda, halafu akaoa binti wa hapa Toronto na kuhamia. Siku hizi akili yake inakuja na kuondoka. Kuna asubuhi ananiita kwa jina la marehemu mkewe. Lakini kuna mtu mmoja ambaye Mzee hajamsahau hata siku moja: Yorgo, Mgiriki mwenzake kikosini, aliyefia mikononi mwake.

Basi, mwezi uliopita chama cha Wagiriki wa hapa kiliandaa chakula cha mchana kwenye ukumbi wa kanisa lao, kuwaenzi wazee wao waliotumikia jeshi la Marekani. Mzee alifurahi mpaka akakataa chai. Nilimpigia koti pasi, nikambandika nishani kifuani. Akaniambia, "Neema, leo nitamtaja Yorgo mbele za watu."

Tulipofika tukaonyeshwa meza ya mwisho kabisa, mlangoni mwa jiko. Wahudumu walikuwa wakipita na masinia wakikigonga kiti chake cha magurudumu, na hakuna aliyesema samahani. Meza za mbele walikaa wenye maduka, mawakili, na mgombea mmoja wa siasa. Alikuwepo pia Niko, mtoto pekee wa Mzee, ambaye hajakanyaga pale kwetu kazini tangu Pasaka. Nikamfuata.

"Kaka, baba yako ndiye anayeenziwa. Mbona yuko kule?"

"Akikaa huku ataropoka, atatuaibisha," akasema bila kunitazama. "Zawadi nitampokelea mimi. Wewe mlishe tu."

Nikarudi kukaa. Yule mgombea akahutubia: mashujaa wetu hivi, mashujaa wetu vile, wala hakuuliza mashujaa wenyewe wameketi wapi. Likasomwa jina la Mzee. Niko akainuka, akapokea ngao, akapigwa picha anacheka. Mzee akanishika mkono. "Wameniita? Mbona mimi nipo hapa?"

Baba, hapo nikashindwa kuvumilia. Nikafungua breki za kiti, nikamsukuma katikati ya meza zao mpaka mbele. Niko akatuzibia njia. "Mrudishe!" Nikamwambia, "Sogea." Sikupaza sauti. Akasogea. Nikaichukua maiki mezani nikamkabidhi Mzee.

Wala hakuropoka. Alilitaja jina la Yorgo, na la ukoo wake, na mji aliotoka. Kisha akasema, "Hakufa peke yake. Nilikuwa nimempakata. Alimwita mama yake kwa Kigiriki, nami nikamwitikia kwa Kigiriki, akadhani mimi ndiye mama. Akatulia."

Kwenye meza ya katikati akasimama bibi mmoja aliyevaa nguo nyeusi, akaja akijishikilia viti vya watu. Anaitwa Bi Eleni. Yorgo alikuwa kaka yake, aliondoka kwenda vitani yeye Eleni akiwa bado mdogo. Akapiga magoti mbele ya Mzee, akambusu viganja. "Mama alikufa akiuliza kama alikuwa na mtu," akasema. "Alikufa akiuliza!"

Fikiria, Baba. Mzee na Bi Eleni wameishi mji huu huu miaka yote hiyo, na kila mwaka wanawaita wazee hawa, wanawapigia makofi, wanawarudisha vitandani. Hakuna aliyewahi kumwuliza Mzee aliona nini. Kama ningekaa nikamlisha nilivyoambiwa, Bi Eleni naye angekwenda kaburini bila kujua.

Na unajua nilichopata? Jumatatu nikaitwa na msimamizi wetu, Wanjiru, Mkenya wa Nakuru. Niko alishalalamika.

"Umejitakia, Neema. Familia ndiyo inaamua, si wewe. Mpigie umwombe msamaha haya mambo yaishe."

"Msamaha wa kosa gani?"

"La kujifanya mtoto wa familia ile."

"Na mtoto wao mwenyewe, tangu Pasaka umemwona hapa?" nikamwuliza. Akanihamishia kazi ya usafi ghorofa nyingine, na kumhudumia Mzee nikakatazwa.

Huyo Niko sijampigia wala sitampigia. Mumewe dada Rehema, anayeishi mtaa wa Weston hapa hapa Toronto, alinishauri nijishushe nisije nikakosa kazi. Na yeye nilimkasirikia. Kinachonipa moyo ni Bi Eleni. Kila Jumapili akitoka kanisani anakuja, anakaa na Mzee, anamwomba amsimulie tena. Siku ambayo Mzee hakumbuki kitu, Bi Eleni humsimulia yeye. Mimi napita chumba cha wageni na ndoo yangu ya usafi, nawasikia, naenda zangu.

Nisalimie Mama sana, na shangazi mwenye genge la mboga, na kaka Elia fundi seremala pamoja na mkewe. Bibi mzaa mama mwambie namwamkia. Mama akikuambia unisihi nipunguze hasira, mwambie bado naihitaji.

Ni mimi binti yako,
Neema